Kutoka Tasnifu ya Famakolojia hadi Makala ya Jarida: Mwongozo Kamili kwa Mhitimu wa Uzamili

Wahitimu wengi wa shahada ya uzamili ya famakolojia, yaani elimu ya dawa na kazi yake mwilini, hukabidhi tasnifu zenye matokeo ya kuaminika, na sehemu kubwa ya kazi hizo huishia kwenye rafu ya maktaba. Wanaojaribu kuzichapisha hukwama mahali palepale. Hupunguza kurasa 110 hadi zikawa 20, huzituma kwenye jarida, na baada ya siku chache hupokea barua fupi ya mhariri inayosema kwamba makala haikupelekwa kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua kabla haijachapishwa. Hujaribu jarida la pili, yakawa yale yale, kisha hukata tamaa.

Kiini cha tatizo ni kwamba tasnifu huandikwa ili kumthibitishia mtahini kuwa mwanafunzi ameimudu fani yake, ilhali makala huandikwa ili kumjibu swali moja msomaji ambaye fani anaijua tayari. Kuifupisha ya kwanza hakuwezi kuzaa ya pili. Kazi inayotakiwa ni kuandika upya kuanzia kwenye data, na hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kuifanya. Kwa anayetaka kuajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi, kupandishwa cheo au kuomba ufadhili wa uzamivu, kazi hii haikwepeki, kwa sababu jopo la waajiri husoma orodha ya machapisho kabla ya kusoma jambo jingine lolote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Data ghafi zenyewe, yaani jedwali lenye kila panya au kila mgonjwa katika mstari wake, pamoja na daftari la maabara au fomu za wodini.
- Cheti cha kibali cha maadili chenye namba na tarehe, na vibali vingine vyote vya utafiti.
- Kwa kila dawa na kemikali: jina lake la kitaalamu, mtengenezaji, na namba ya toleo iliyokuwa kwenye lebo.
- Kwa utafiti wa mimea: namba ya sampuli iliyohifadhiwa kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), kwa mfano Hebaria ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.
- Namba ya ORCID. Ina tarakimu 16, hupatikana bure, na huzuia kazi zako zisichanganywe na za mtu mwenye jina kama lako. Wenye majina kama Juma, Otieno au Mushi wanajua usumbufu huo.
- Programu ya kupanga marejeo. Zotero inatosha na haiuzwi.
- Njia ya kusoma majarida yanayolipiwa. Mkutubi wa chuo akuonyeshe kama taasisi yenu imesajiliwa katika Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu.

Ikiwa data ghafi zimepotea na kilichobaki ni grafu za tasnifu tu, simama hapa. Mhariri au mpitiaji ana haki ya kuziomba wakati wowote, na makala isiyoweza kuonyesha data zake ni hatari kwa jina lako kuliko kutokuwa na makala kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja

Tuseme tasnifu yako ilichunguza majani ya mlonge: kemikali zilizomo, sumu yake kwa panya, uwezo wake wa kushusha sukari, na uwezo wa kuua bakteria. Hayo ni maswali manne, na mhariri akiyaona pamoja huona kazi isiyo na mwelekeo. Chagua lile ambalo data zake ni imara zaidi, hata kama si lile ulilolipenda.

Liandike kwa sentensi moja yenye kiumbe, dozi, kipimo na kilinganishi. Mfano: «Je, kiziduo cha majani ya mlonge kwa dozi ya miligramu 400 kwa kila kilo hushusha sukari ya damu kwa panya wenye kisukari ndani ya siku 28, kikilinganishwa na glibenclamide, dawa ya kisukari?» Kiziduo ni kile kinachotolewa kwenye majani kwa kutumia kimiminika. Kila jedwali lisilosaidia kulijibu swali hilo lisubiri makala nyingine au lipelekwe kwenye viambatisho.

Utajua hatua hii imekamilika pale ambapo mwenzako wa idara nyingine, akiisoma sentensi hiyo mara moja tu, anaweza kukueleza ulipima nini.

Tahadhari iko upande wa pili pia. Kuikata kazi moja vipande vitano ili uhesabiwe makala tano ni tabia ambayo wahariri huitambua haraka, hasa makala zote zinapotumia kundi lilelile la panya bila kusema hivyo.

## Hatua ya 2: Kubaliana na msimamizi kuhusu waandishi

Jambo hili lifanyike kabla ya kuandika, kwa kuwa ugomvi wa majina ukizuka baada ya makala kukamilika unaweza kuizuia kwa miaka. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti manne, na mwandishi lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, mpango, data au uchambuzi, awe ameandika makala au ameirekebisha kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa yaliyomo. Mkuu wa idara ambaye hakushiriki hawi mwandishi kwa sababu ya cheo chake. Fundi sanifu wa maabara aliyebuni namna ya kupima na kuisoma rasimu anastahili kupewa nafasi ya kuyatimiza masharti hayo, na mara nyingi husahauliwa.

Mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi wenye pendekezo kamili, kwa kuwa ombi lisilo na pendekezo humwachia yeye kazi ya kufikiri, na hapo ndipo majibu huchelewa. Kwa mfano:

«Shikamoo Profesa. Natumaini u mzima. Ninaomba ridhaa yako niandike makala moja kutokana na tasnifu yangu, itakayohusu sehemu ya sukari ya damu peke yake. Nimeambatisha ukurasa mmoja wenye swali, majedwali mawili, jarida ninalopendekeza na mpangilio wa majina ya waandishi. Iwapo utaona inafaa, nitakuletea rasimu ya Mbinu na Matokeo mwishoni mwa mwezi ujao.»

Asipojibu, mfuate ofisini kwa heshima ukiwa na ukurasa uleule mkononi. Usitume makala bila idhini yake iliyoandikwa. Majarida mengi humtumia kila mwandishi barua pepe ya uthibitisho, na msimamizi anayegundua jina lake kwa njia hiyo anaweza kuisimamisha makala siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Rudia hesabu zote kutoka data ghafi

Hapa ndipo makala nyingi za famakolojia kutoka vyuo vyetu huangukia. Usinakili namba za sura ya matokeo ya tasnifu. Fungua jedwali ghafi na ufanye uchambuzi upya, ukitafuta makosa manne yafuatayo.

Idadi ya uongo. Una panya 6 katika kila kundi, na kila panya alipimwa sukari mara 3 asubuhi ileile. Tasnifu nyingi huandika kwamba idadi ni 18. Idadi ni 6. Vipimo 3 vya panya mmoja hupunguza kosa la kifaa, lakini haviongezi panya. Chukua wastani wa vipimo hivyo kwa kila panya, ndipo ulinganishe makundi kwa namba 6 dhidi ya 6. Tofauti iliyokuwa kubwa ikitoweka baada ya hapo, basi haikuwapo tangu mwanzo.

Kosa sanifu mahali pa mkengeuko sanifu. Ikiwa mkengeuko sanifu wa kundi la panya 6 ni 24, kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wenyewe unaweza kuyumba, ni takribani 9.8, kwa kuwa 24 hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 6. Kwenye grafu, 9.8 hupendeza zaidi, na ndiyo maana hutumiwa. Lakini msomaji anataka kujua panya walitofautiana kiasi gani, na hilo huonyeshwa na mkengeuko sanifu. Afadhali zaidi, weka nukta ya kila panya kwenye grafu. Panya 6 hawajazi ukurasa.

Kulinganisha kila kundi na kila kundi. Makundi 5 hutoa jozi 10. Kama vipimo hivyo vingekuwa huru kimoja na kingine, uwezekano wa kupata angalau tofauti moja ya bahati kwa kigezo cha 0.05 ungekaribia 40%. Tumia kwanza uchambuzi wa ANOVA, unaolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja, kisha kipimo cha Dunnett iwapo unayalinganisha makundi yote na kundi moja la kulinganishia.

Makundi madogo mno. British Journal of Pharmacology, kwa mfano, halikubali uchambuzi wa takwimu kwa makundi yenye sampuli huru chini ya 5. Ikiwa ulikuwa na panya 3, eleza ulichokiona bila kuweka thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo au kubwa zaidi kwa bahati tu), na uchague jarida ipasavyo.

Kwa tasnifu za hospitali, hesabu ni nyingine. Chora mtiririko wa wagonjwa: walioombwa kushiriki, waliokubali, walioacha, na walioingizwa kwenye uchambuzi, kisha hakikisha namba hizo zinajumlishika. Kama ulipima dawa katika damu, ukolezi usioambatana na saa zilizopita tangu dozi ya mwisho hauna maana. Kwa efavirenz, dawa ya VVU, watafiti wengi huchukua damu saa 12 hadi 16 baada ya dozi, na msomaji atataka pia kujua kama uliangalia jeni la CYP2B6, linalohusika na kuivunja dawa hiyo mwilini, kwa sababu wenye mabadiliko yaitwayo 516G>T katika nakala zote mbili huiondoa dawa hiyo polepole na kubaki na kiwango kikubwa mwilini.

Umefaulu hatua hii unapoweza kumpa mtu mwingine faili la data na maelezo ya ukurasa mmoja, naye akapata namba zilezile bila kukupigia simu.

## Hatua ya 4: Chagua jarida kabla ya kuandika

Kila jarida lina urefu wake, mpangilio wake na wasomaji wake, na ukiandika kwanza utalazimika kuandika mara mbili. Angalia marejeo ya tasnifu yako: jarida linalojitokeza mara nyingi ndilo lenye wasomaji wako. Pakua makala 3 za karibuni kutoka humo na uzitazame kama fundi atazamavyo nguo ya mwenzake, mshono kwa mshono.

Usiyadharau majarida ya nyumbani. East and Central African Journal of Pharmaceutical Sciences na Tanzania Journal of Health Research hupatikana kupitia mtandao wa African Journals Online, na kwa matokeo yanayohusu matumizi ya dawa katika mikoa yetu, wanaopaswa kuyasoma wapo huko. Kabla ya kuamua, uliza kamati ya kupandisha vyeo ya chuo chako inatambua majarida yapi.

Majarida ya kitapeli yanatambulika. Hukuandikia barua pepe ya sifa nyingi usiyoitarajia, huahidi majibu ya wapitiaji ndani ya siku 3, huficha ada hadi makala ikubaliwe, na hutangaza alama ya ushawishi iliyotolewa na kampuni isiyojulikana, ilhali ile inayotambulika kwa jina la Impact Factor hutolewa na Clarivate peke yake. Mengine huiga jina la jarida halali kwa kubadili neno moja. Orodha ya maswali ya Think. Check. Submit. hupatikana bure na humalizwa kwa dakika chache. Makala ikishaingia humo ni vigumu kuitoa, na huwezi kuipeleka kwingine.

Kuhusu ada, wachapishaji wengi wakubwa huzifuta au huzipunguza kwa waandishi wa nchi zilizo katika makundi ya Research4Life. Masharti yanatofautiana: wengine huangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, wengine nchi za waandishi wote. Omba msamaha huo wakati wa kutuma, kwa kuwa wengi wao hawapokei ombi hilo baada ya makala kukubaliwa.

## Hatua ya 5: Anza na Mbinu

Sehemu hii haihitaji msukumo wa fikra, inahitaji ukweli, na ndiyo inayosomwa kwa ukali kuliko zote. Kwa utafiti wa wanyama fuata mwongozo wa ARRIVE, toleo la 2020, ambalo lina mambo 10 ya lazima na 11 ya nyongeza. Kwa majaribio ya tiba kwa binadamu fuata CONSORT. Kwa uchunguzi usiohusisha kutoa tiba fuata STROBE.

Tazama tofauti hii. Tasnifu inasema: «Panya waligawanywa katika makundi matano na kupewa dawa kwa siku 28.» Makala inapaswa kusema hivi, kama ndivyo ilivyokuwa:

«Panya 30 wa kiume wa aina ya Wistar, wenye umri wa wiki 8 hadi 10 na uzito wa gramu 180 hadi 220, waligawanywa katika makundi 5 ya panya 6 kwa kutumia namba za bahati nasibu zilizotolewa na kompyuta. Aliyepima sukari hakuambiwa ni panya gani yuko katika kundi gani. Panya 2 wa kundi la tatu walikufa kabla ya siku ya 7 na hawamo katika uchambuzi wa siku ya 28.»

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofichwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomfanya mpitiaji akuamini. Na kama hukugawa kwa bahati nasibu, andika kwamba hukugawa hivyo. Huo ni udhaifu unaovumilika. Kubuni bahati nasibu ambayo haikufanyika ni udanganyifu wa kitafiti.

Kwa mmea, andika jina kamili la kisayansi pamoja na ufupisho wa aliyeuainisha, *Moringa oleifera* Lam., sehemu ya mmea iliyotumika, mahali na mwezi wa kuvuna, namna ya kukausha, kimiminika kilichotumika kuzidua, na kiasi kilichopatikana kwa kila gramu 100 za majani makavu. Kwa dawa, tumia jina la kitaalamu, si la kibiashara. Eleza pia kwa nini kila kundi lilikuwepo. Panya waliopewa alloxan, kemikali ya kuwasababishia kisukari, kwa mfano, wakati mwingine hupona wenyewe, hivyo bila kundi la panya wagonjwa wasiotibiwa huwezi kusema ni mlonge ulioshusha sukari.

Onyo kwa waliofanya majaribio ya tiba kwa binadamu: majarida yanayofuata ICMJE hutaka jaribio liwe limesajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa, kwa mfano katika sajili ya Afrika nzima iitwayo PACTR. Kama halikusajiliwa, mwandikie mhariri na umweleze hali halisi kabla ya kutuma. Usilisajili leo kwa tarehe ya jana.

## Hatua ya 6: Matokeo, kisha Mjadala

Andika Matokeo kwa kufuata majedwali yako, ukitaja ukubwa wa tofauti kabla ya thamani ya p. «Sukari ilishuka kwa 4.1 mmol/L zaidi ya kundi lisilotibiwa» humwambia msomaji jambo, «tofauti ilikuwa kubwa kitakwimu» humwambia machache sana. Matokeo yaliyokwenda kinyume na matarajio yaingie pia, tena bila kuombewa radhi.

Mjadala usiwe mapitio ya kila makala iliyowahi kuandikwa kuhusu mlonge. Anza na jibu la swali lako, lilinganishe na kazi chache zilizo karibu nalo, eleza utaratibu wa kifamakolojia unaowezekana, kisha taja udhaifu wa kazi yako.

Jambo moja lifanye kila anayeandika kuhusu mimea: igeuze dozi ya mnyama kuwa ya binadamu. Kwa kanuni ya eneo la ngozi iliyomo katika mwongozo wa 2005 wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, dozi ya panya mkubwa wa maabara hugawanywa kwa 6.2, na ya panya mdogo kwa 12.3. Miligramu 400 kwa kilo kwa panya wetu huwa takribani miligramu 64.5 kwa kilo, na kwa mtu wa kilo 60 hufikia gramu 3.9 za kiziduo kila siku. Ikiwa gramu 100 za majani makavu zilitoa gramu 10 za kiziduo, mtu huyo angehitaji majani makavu ya gramu 39 kwa siku. Hesabu hiyo fupi huonyesha kama matokeo yako yanaweza kuwa na maana kwa mgonjwa, na mpitiaji mzoefu huifanya pembeni mwa karatasi hata usipoiandika.

Epuka hitimisho la kwamba mmea «unatibu kisukari». Ulichoonyesha ni kushuka kwa sukari kwa panya ndani ya siku 28. Waandishi wa habari wana njia zao za kuyakuza mambo, hawahitaji kusaidiwa nawe.

## Hatua ya 7: Utangulizi, ikisiri na kichwa

Hizi ziandikwe mwisho, kwa sababu sasa ndipo unajua makala inasema nini. Utangulizi uwe na aya tatu au nne: tatizo, kinachojulikana, pengo, na swali lako. Historia ya kisukari tangu enzi za Misri ya kale iondoke yote.

Ikisiri iwe na namba. Wahariri wengi huamua kwa kusoma ikisiri na majedwali peke yake. Kichwa kitaje kiumbe. Makala ya panya yenye kichwa kinachomfanya msomaji adhani ni ya wagonjwa humkera mhariri kabla hajafika aya ya kwanza.

Kama ulitumia programu ya akili unde kunyoosha Kiingereza, fuata sera ya jarida na ulitaje hilo mahali linapotakiwa. Programu haiwi mwandishi, na kila rejeo iliyokupa lazima ulifungue na kulisoma, kwani programu hizo zinajulikana kwa kubuni makala ambazo hazipo.

## Hatua ya 8: Idhini na kutuma

Nchini Tanzania, cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, huambatana na sharti la kuomba idhini kabla ya kuchapisha matokeo. Wengi hulikumbuka sharti hilo baada ya makala kutoka. Nchini Kenya, soma masharti yaliyoambatana na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na ya kamati ya maadili iliyokupa kibali. Omba mapema, kwani barua huchukua muda.

Katika barua kwa mhariri, aya mbili zinatosha: umegundua nini, na kwa nini wasomaji wa jarida hilo wanahusika. Taja wazi kwamba kazi inatokana na tasnifu yako na kwamba tasnifu inapatikana kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Majarida mengi hayahesabu tasnifu kuwa chapisho la awali, lakini programu ya kupima mfanano wa maandishi itaikuta, na ni bora mhariri aisikie kutoka kwako.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kutuma kwa mawili ili uone litakalojibu kwanza ni kosa la kimaadili linaloweza kukufungia milango ya yote mawili.

## Hatua ya 9: Kuwajibu wapitiaji

Barua inayosema «marekebisho makubwa yanahitajika» ni habari njema, ingawa haisomeki hivyo siku ya kwanza. Isome, ifunge, irudie baada ya siku mbili. Kisha nakili kila hoja katika hati mpya, uipe namba, na uijibu chini yake, ukitaja ukurasa na mstari uliobadilishwa. Majibu yataandikwa kwa lugha ya jarida, lakini mwendo wake ni huu:

*Hoja ya 3:* «Waandishi hawakueleza kama aliyepima wingi wa maji waliyokunywa panya alijua makundi yao.»

*Jibu:* «Tunashukuru kwa hoja hii. Kwa kipimo hiki aliyepima alijua makundi. Tumelieleza hilo katika Mbinu, ukurasa wa 6, mstari wa 142 hadi 144, na tumelitaja kuwa udhaifu katika Mjadala, ukurasa wa 13.»

Hakuna kujitetea wala kulalamika, na mhariri anaweza kuhakiki jibu bila kutafuta. Ukiona mpitiaji amekosea, unaruhusiwa kukataa, mradi utoe sababu na ushahidi. Kukubali kila kitu, hata kinachoharibu makala, hakukuongezei heshima. Akitaka jaribio jipya usiloweza kulifanya, sema hivyo waziwazi, kisha upunguze dai ambalo jaribio hilo lingelithibitisha.

Makala ikikataliwa, rekebisha kwanza kwa maoni uliyopewa ndipo uipeleke kwingine. Fani yetu ni ndogo, na mpitiaji wa jarida la pili anaweza kuwa yuleyule wa la kwanza, akiikuta makala yako haijaguswa hata nukta.

## Hatua ya 10: Baada ya kukubaliwa

Utaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha, mara nyingi kwa saa 48 tu. Usiishie kwenye majina na tahajia. Chapisha karatasi, chukua kalamu, na upitie kila kipimo. Alama ya mikrogramu hupotea kirahisi maandishi yanapohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, na 50 µg ikigeuka 50 mg, dozi imekua mara 1,000. Kagua pia alama za kujumlisha na kutoa katika majedwali, na namba ya kibali cha maadili.

Ikishatoka, iingize kwenye rekodi yako ya ORCID, peleka nakala inayoruhusiwa kwenye hifadhi ya chuo, na uwatumie maabara na hospitali zilizokupa nafasi. Kwenye wasifu wako wa kitaaluma, makala iliyochapishwa iandikwe na DOI yake (namba yake ya kudumu ya utambulisho mtandaoni), iliyokubaliwa iandikwe kuwa imekubaliwa, na iliyotumwa tu iwekwe chini ya kichwa chake yenyewe, mbali na orodha ya machapisho. Chini ya kila moja ongeza mstari mmoja unaosema ulifanya nini hasa, kwa mfano kupima sukari, kuchambua takwimu na kuandika rasimu ya kwanza, kwa sababu jopo likiona majina 8 kwenye makala moja, swali la kwanza litakalokuuliza ni hilo.